Mafuta ya Usukani katika Pikapu Kuukuu

Pikapu iliyokwisha kutumika miaka ishirini au thelathini bado ni mali kubwa kwa mkulima, kwa mfanyabiashara mdogo, kwa zahanati na kwa shule ya bweni. Ndiyo ipelekayo kabichi na viazi sokoni, ndiyo ibebayo saruji na mabati, na usiku wa dharura ndiyo igeuzwayo gari la wagonjwa. Wenye magari ya namna hii kwa kawaida huangalia oili ya injini, maji ya rejeta na mafuta ya breki. Kuna kimiminiko cha nne ambacho hukumbukwa pale tu usukani unapoanza kulia au kuwa mzito. Nacho ni mafuta ya usukani unaosaidiwa na pampu, ambao katika gereji huitwa pawa stelingi.

Mafuta hayo si mengi. Katika pikapu nyingi hayazidi lita moja. Kwa sababu ya uchache huo, watu wengi hudhani kwamba aina yake haina maana. Kiasi kikipungua huongezwa oili ya injini iliyobaki katika kopo, au mafuta ya breki, kwa hoja kwamba "mafuta ni mafuta". Makala haya yanaeleza kwa nini hoja hiyo si sahihi, na jinsi mwenye pikapu kuukuu anavyoweza kuchagua mafuta yanayofaa bila kutumia fedha nyingi. Mfano utakaofuatwa ni pikapu za Toyota Hilux zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 na 1990, kwa kuwa nyingi za namna hiyo bado zinafanya kazi mijini na vijijini Afrika ya Mashariki.

JINSI USUKANI UNAVYOPATA NGUVU

Msingi wa mtambo huu ni kanuni iliyoelezwa na Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi tangu mwaka 1623 hadi 1662. Kanuni hiyo yasema kwamba kanieneo, yaani presha, ikitiwa katika kimiminiko kilichofungiwa ndani ya chombo, husambaa sawasawa pande zote za chombo hicho. Kwa hiyo nguvu inaweza kuzalishwa mahali pamoja na kupelekwa mahali pengine kwa njia ya bomba.

Katika pikapu, pampu ya usukani huzungushwa na injini kwa mkanda. Ndani ya pampu mna vipande vidogo bapa vya chuma ambavyo huzunguka vikisugua ukuta wa chumba chake. Vipande hivyo huvuta mafuta kutoka katika tanki dogo na kuyasukuma kwenda katika giaboksi ya usukani. Gari linapokwenda moja kwa moja, mafuta huzunguka tu na kurudi katika tanki bila kufanya kazi kubwa. Dereva anapogeuza usukani, ufito mwembamba wa chuma ulio ndani ya valvu hupindika kidogo. Kupindika huko huifungua njia ya upande mmoja na kuibana ya upande wa pili. Hapo mafuta huisukuma pistoni, na pistoni husaidia kugeuza magurudumu.

Nguvu inayopatikana ni kubwa. Chukua mfano wa pistoni yenye eneo la sentimeta za mraba 25. Kanieneo ikifika kilogramu 70 kwa kila sentimeta ya mraba, pistoni hiyo husukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilogramu 1,750. Ndiyo sababu dereva wa pikapu iliyojaa mizigo aweza kuigeuza kwa mkono mmoja mahali pembamba.

Mhandisi wa Marekani, Francis W. Davis, ambaye aliwahi kusimamia utengenezaji wa malori katika kampuni ya Pierce-Arrow, alionyesha gari lenye mtambo wa namna hii mwaka 1926. Hata hivyo, ilipita miaka 25 kabla ya usukani huo kuuzwa katika magari ya abiria ya kawaida. Kampuni ya Chrysler ndiyo iliyotangulia, mwaka 1951.

MAFUTA YANA KAZI NNE

Kazi ya kwanza ya mafuta ya usukani ni kupeleka nguvu kutoka katika pampu hadi kwenye pistoni. Kazi ya pili ni kulainisha vyuma visikwaruzane, hasa ndani ya pampu. Kazi ya tatu ni kuchukua joto na kulitoa nje. Kazi ya nne, inayosahaulika mara nyingi, ni kuzihifadhi sili za mpira zilizo ndani ya mtambo. Mafuta yasiyopatana na mpira huo huufanya ukakamae na kupasuka, au uvimbe na kulainika mno. Katika hali zote mbili mafuta huvuja.

Ili kuzitimiza kazi hizo, mafuta huchanganywa na dawa maalumu. Kuna dawa ya kuzuia povu, dawa ya kuzuia kutu, dawa ya kupunguza ulikaji wa vyuma, na dawa ya kuyakinga mafuta yasiungane upesi na oksijeni ya hewa. Hii ya mwisho ni muhimu sana katika nchi za joto. Kanuni ya jumla inayofuatwa na wanakemia ni kwamba kasi ya kuharibika huko huongezeka karibu mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi 10 za Sentigredi. Usukani unaofanya kazi kwa shida katika kona nyingi za mlimani waweza kuyapasha mafuta hadi kuzidi nyuzi 100.

KWA NINI MAFUTA MEKUNDU?

Kampuni nyingi, Toyota ikiwa mojawapo, hazikuagiza mafuta ya pekee kwa usukani wa pikapu zao za zamani. Ziliagiza mafuta ya giaboksi za otomatiki, ambayo kwa kifupi huandikwa ATF. Jambo hili huwashangaza watu wengi, hasa kwa kuwa pikapu yenyewe huwa na giaboksi ya kawaida ya kubadilisha kwa mkono.

Sababu yake ni ya kihistoria na ya kisayansi pia. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa kipimo cha kwanza cha mafuta hayo, kilichoitwa Type A, mwaka 1949. Usukani wenye pampu ulipoanza kuuzwa miaka miwili baadaye, tayari palikuwa na mafuta mepesi, yasiyotoa povu, yanayopatana na sili za mpira na yanayovumilia joto. Hapakuwa na haja ya kubuni mengine.

Vipimo hivyo vimebadilika mara kadhaa. Mwaka 1967 kilitolewa kipimo cha Dexron, na katika miaka ya 1970 kikafuata Dexron II. Mabadiliko ya miaka hiyo yana kisa chake. Hapo awali mafuta ya giaboksi yalitiwa mafuta ya aina moja ya nyangumi wakubwa ili kurekebisha msuguano. Mwaka 1970 Marekani ilimweka nyangumi huyo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, na wanakemia wakalazimika kutafuta dawa nyingine. Dexron III ilitoka mwaka 1993, na Dexron VI mwaka 2005. Kampuni ya Ford nayo ilikuwa na kipimo chake, Type F, na baadaye Mercon, ambacho kilianza mwaka 1987.

Tofauti kubwa kati ya Type F na Dexron ni jinsi zinavyoongoza msuguano wa sahani za klachi ndani ya giaboksi ya otomatiki. Usukani hauna sahani hizo. Kwa hiyo tofauti hiyo, iliyo kubwa katika giaboksi, ni ndogo sana katika usukani.

Rangi nyekundu ni rangi iliyotiwa tu, ili mafuta haya yatambulike yanapovuja. Haionyeshi ubora. Si kila mafuta mekundu ni ATF, wala si kila mafuta ya usukani ni mekundu.

SUALA LA MNATO

Mnato ni ukinzani wa kimiminiko dhidi ya kutiririka. Asali ina mnato mkubwa, maji yana mnato mdogo. Wataalamu huupima mnato wa mafuta kwa sentistoki, na maji ya kawaida katika nyuzi 20 yana takribani sentistoki 1.

Mafuta ya Dexron III yana mnato wa takribani sentistoki 35 katika joto la nyuzi 40, na takribani 7 katika nyuzi 100. Oili ya injini ya SAE 40 ina takribani sentistoki 140 katika nyuzi 40, na 14 au 15 katika nyuzi 100. Maana yake ni kwamba asubuhi, injini inapowashwa, oili hiyo ni nzito zaidi ya mara nne kuliko mafuta ambayo pampu ilitengenezewa. Pampu hushindwa kuyavuta mafuta kwa kasi inayotakiwa. Vipovu vya utupu hutokea upande wa kuvutia, kisha hupasuka kwa nguvu vinapofika upande wa kanieneo. Mpasuko huo ndio unaotoa mlio wa kuguna, nao huuchimba uso wa chuma kidogo kidogo. Katika nyanda za juu kama Njombe na Kitulo, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka karibu na sifuri, madhara ni makubwa zaidi kuliko Dar es Salaam au Mombasa.

Baadhi ya mafundi hutia oili nzito makusudi ili kupunguza uvujaji. Ni kweli kwamba kitu kizito huvuja polepole. Hata hivyo, sili iliyokwisha haiponi kwa njia hiyo, na pampu iliyokuwa nzima huanza kuumia.

HATARI YA MAFUTA YA BREKI

Kosa baya kuliko yote ni kuchanganya mafuta ya breki na ya usukani. Mafuta ya breki yanayotumika sana, yenye alama za DOT 3 na DOT 4, hayatokani na petroli ghafi kama ATF. Ni ya jamii ya glaikoli, na hutengenezwa yapatane na mpira wa aina ya pekee. Mpira unaotumika kwa kawaida katika usukani ni wa aina nyingine, uliotengenezwa kuhimili mafuta ya petroli.

Mafuta ya breki yakitiwa katika usukani, sili zake huvimba na kulainika, kisha huanza kuvuja. Aidha, mafuta hayo hayalainishi vyuma vya pampu inavyostahili. Hiyo ni hasara ya fedha. Kosa la kinyume ni hasara ya maisha. ATF au oili ya injini ikiingia katika tanki la breki, sili za mpira za breki huvimba. Breki zaweza kung'ang'ania magurudumu, kisha zikakosa nguvu kabisa. Pikapu iteremkayo na mboga kutoka Lushoto kwenda Mombo, katika barabara yenye kona kali na bonde upande mmoja, haina nafasi ya kusamehewa kosa hilo. Kosa hili likitokea, hata kama ni kijiko kimoja tu, gari lisiendeshwe. Mfumo wote wa breki husafishwa, na sehemu zote za mpira zilizoguswa hubadilishwa.

Usukani nao una hatari yake. Mafuta yakiisha, gari bado laweza kugeuzwa kwa nguvu za mikono, kwa kuwa vyuma vya usukani vimeungana moja kwa moja na magurudumu. Lakini usukani ukiwa mzito ghafla katikati ya kona, dereva aliyezoea wepesi aweza kushindwa kuukata kwa wakati. Tena, mpira wa presha ukipasuka, mafuta yaweza kurukia bomba la moshi la injini. ATF huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka katika joto la takribani nyuzi 180 hadi 200, na bomba la moshi hupita kiwango hicho kwa urahisi.

KUCHAGUA DUKANI

Mwenye gari aanzie kwenye kifuniko cha tanki la usukani na kitabu cha gari. Katika Hilux nyingi za miaka hiyo maandishi hutaja ATF ya Dexron II au Dexron III. Hayo ndiyo ya kutafutwa. Mwenye gari la kampuni nyingine asiige tu mfano huu. Honda, kwa mfano, huagiza mafuta yake yenyewe ya usukani na kukataza ATF. Magari mengi ya Ulaya hutumia mafuta ya haidroliki ya kijani, ambayo hayafai kuchanganywa na mekundu.

Katika maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mnunuzi hukuta chupa nyingi zenye jina la Dexron III. Ni vyema ajue kwamba General Motors ilikoma kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006. Tangu hapo, jina hilo juu ya chupa ni ahadi ya mtengenezaji peke yake. Haina maana kuwa mafuta ni mabaya. Maana yake ni kwamba jina la mtengenezaji lina uzito zaidi kuliko jina la kipimo. Inafaa kuchagua kampuni inayojulikana, kununua kwa muuzaji mwaminifu, na kuhakikisha kwamba kizibo hakijafunguliwa.

Dexron VI ni nyepesi kidogo, ikiwa na mnato usiozidi sentistoki 6.4 katika nyuzi 100. Wenye magari ya zamani huihofia kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba Dexron III hupungua mnato inapotumika, kwani molekuli ndefu zilizotiwa ndani yake hukatika kati ya vyuma, na baada ya muda hukaribiana na Dexron VI, ambayo hudumu zaidi katika mnato wake. Pampu nzima haitaona tofauti kubwa. Pampu iliyochakaa, ambayo mafuta hupenya ndani yake kwa ndani, yafaa ipewe yaliyo mazito kidogo, yaani ya kipimo cha Dexron III.

Chupa zinazosema "kwa magari yote" zisomwe upande wa nyuma. Zikitaja Dexron II au III na Toyota, zaweza kutumika. Zile zinazodai kuziba uvujaji hufanya kazi kwa kuuvimbisha mpira. Zaweza kumfikisha msafiri nyumbani, lakini hazifai kuachwa ndani kwa miezi, kwa sababu mpira uliolainishwa mno huisha upesi.

DALILI ZA KUANGALIA

Kiasi cha mafuta hupimwa gari likiwa mahali palipo sawa. Tanki au kijiti chake huwa na alama mbili, ya mafuta baridi na ya mafuta moto, nazo zisichanganywe. Mafuta mazuri ni mekundu na hupenyeka kwa mwanga. Yakiwa ya kahawia au meusi na kunuka kuungua, yamekwisha. Yakiwa na povu au rangi ya chai ya maziwa, hewa au maji yameingia. Tone moja likidondoshwa juu ya karatasi nyeupe huonyesha mengi. Tone safi husambaa likiwa na rangi moja, na lililochoka huacha doa jeusi katikati, pengine na chembe za chuma au za mpira.

Tone jekundu chini ya gari lisihukumiwe haraka, kwani maji ya rejeta ya Toyota nayo mara nyingi ni mekundu. Kipimo chake ni rahisi. Tone hilo litiwe katika maji. Likiyeyuka na kupotea ni la rejeta, likielea ni mafuta.

Si kila usukani mzito umetokana na mafuta. Upepo mdogo katika matairi ya mbele, mkanda uliolegea, au viungo vya chini vilivyokosa grisi huleta dalili hiyo hiyo. Hivyo viangaliwe kwanza, kwa kuwa havigharimu fedha nyingi.

KUBADILISHA

Vitabu vingi vya magari havitaji muda wa kubadilisha mafuta ya usukani, na kwa hiyo pikapu nyingi hubaki na yale yale hadi pampu inapokufa. Anayenunua pikapu iliyotumika, asiyejua ndani mmetiwa nini, asiongeze tu. Ni bora ayatoe yote.

Magurudumu ya mbele huinuliwa na gari kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake. Mpira wa kurudishia mafuta hutolewa katika tanki na kuelekezwa ndani ya chupa, na tundu lililobaki wazi huzibwa. Injini ikiwa imezimwa, msaidizi huugeuza usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, huku mafuta mapya yakitiwa ili tanki lisikauke. Yanapotoka mekundu na safi, mpira hurudishwa mahali pake. Kisha usukani hugeuzwa tena mara kadhaa kabla ya kuwasha injini, ili hewa itoke. Kazi hii huhitaji lita mbili hivi za mafuta na muda wa saa moja.

Baada ya hapo, dereva asiushikilie usukani umefika mwisho wake kwa zaidi ya sekunde chache. Hapo valvu ya usalama hufunguka, na nguvu yote ya pampu hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta yale machache.

Mafuta yaliyotolewa yasimwagwe mtaroni wala yasirudishwe katika chupa yenye jina la mafuta mapya. Yawekwe katika dumu lenye alama na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Mwisho, kipande cha plasta kibandikwe karibu na kifuniko cha tanki, kikiwa na maneno machache: aina ya mafuta yaliyotiwa, tarehe, na kilomita zilizosomwa. Pikapu kuukuu hupita mikononi mwa madereva na mafundi wengi, na fundi atakayeifungua usiku, kwa mwanga wa tochi, mbali na duka lolote, atajua la kutia na la kuacha.